Redio za upepo zinatuzimikia mlimani: nibadili redio au betri?

Binti Machame: Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, tuna kikampuni kidogo cha kupandisha wageni Kilimanjaro. Tuna redio za upepo sita za mkononi, wati 5, za mtumba, zimeandikwa 136–174 MHz, yaani za VHF. Safari iliyopita, usiku wa kwenda kileleni, redio ya muongozaji ilizima juu kidogo ya kambi ya Barafu, na jioni yake ilikuwa imejaa chaji. Mgeni akaanza kutapika, wakamteremsha, mimi niliyebaki kambini sina habari mpaka nilipoona tochi zao. Alipata nafuu aliposhuka, lakini tangu siku hiyo silali vizuri.

Tena, tukiwa kambi ya Barranco hatuwapati wagumu (wapagazi) waliotangulia kambi ya Karanga, wakati muuzaji alisema zinafika kilomita 10. Nihamie UHF, yale masafa ya juu zaidi?

Mzee wa Kibo: Pole sana binti yangu. Usizitupe bado. Barafu ni mita 4,600 na zaidi, na betri ya lithiamu ikipigwa na baridi ile haitoi umeme wake wote. Ukiipasha joto, chaji unaiona tena. Mimi betri ya akiba nalala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, na usiku wa kileleni inakaa kifuani, chini ya koti. Redio nayo humo humo. Nje itoke spika ya waya tu, ile ya kubana kwenye kola. Na msichaji betri iliyoganda. Chini ya nyuzi 0 mnaiharibu moja kwa moja.

Ila kama redio ni za mtumba, betri nazo zimeshachoka. Hizo nunua mpya.

Fundi wa Majengo: Kilomita 10 ni pale ambapo hakuna kitu katikati. Barranco ni bondeni, na ule ukuta wa mwamba umesimama kati yenu na Karanga. UHF haitakusaidia, nzuri kwa hotelini, kwenye kuta na korido. Mlimani baki na VHF, mawimbi yake marefu yanapinda kidogo kwenye migongo ya milima. Hata hivyo ukuta ule dawa yake ni mtu: mmoja abaki juu na redio, apokee huku apeleke kule.

Dada, antena ni zilezile zilizokuja na redio?

Binti Machame: Mbili zilivunjika, kijana akanunua nyingine fupi.

Fundi wa Majengo: Basi hizo mbili wasizibonyeze kuongea kabisa! Antena inakatwa kwa urefu wa mawimbi yake. Ikiwa ni ya UHF, nguvu inarudi ndani na inaweza kuunguza transista ya kurushia. Niletee nizipime. Na waambie vijana wasibebe redio kwa kuning'iniza antena, ndiyo inayozivunja. Vile vishikizo vya shaba vya betri vifutwe kwa spiriti kila mkishuka, vumbi la njiani linaziba.

Wa Njiro: Masafa mnayotumia yana leseni? Kama hamna, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya kanda hapa Arusha. Fuatilieni mapema, msije mkanyang'anywa redio mkiwa na wageni.

Binti Machame: Leseni tunayo. Fundi, kesho nakuja na zote sita. Mzee wa Kibo, shikamoo, hiyo spika ya kwenye kola inabonyezeka na glavu?

Mzee wa Kibo: Marahaba. Chagua yenye kitufe kikubwa, na mjaribu hapo mjini kwanza, usiku, mkiwa mmevaa zile glavu nene.