Mgonjwa asiyejua vihatarishi vya moyo: ni uzembe wake au ni hali yake?

Mleta mada:

Wakuu, kuna kauli inanikera: kwamba wanaokufa kwa maradhi ya moyo wamejitakia, elimu ya vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza hatari ya kuugua, ipo tele ila hawataki kusikia. Naomba tuijadili kwa uzito wake.

Mwaka jana nilimpeleka mama kupima presha. Wakaandika 172/104 kwenye kadi, akaambiwa apunguze chumvi na arudi baada ya mwezi. "Umeelewa, mama?" "Nimeelewa, daktari." Hata dakika mbili hazikufika. Tulipotoka nje akanionyesha kadi: "Mwanangu, kati ya hizi namba mbili, mbaya ni ipi?" Mama yangu aliishia darasa la tatu, na nyuma yetu kulikuwa na foleni. Aliona haya kumchelewesha daktari. Mtu aliyezoea kukaa ofisini angeuliza palepale, tena angejibiwa kwa heshima.

Halafu presha haiumi. Anayelipwa kwa siku hawezi kuacha kibarua akapimwe kitu kisichomuuma, maana siku hiyo nyumbani hapatakuwa na kitu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Theluthi mbili wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wote hao ni wazembe?

Mchangiaji:

Pole kwa mama, mkuu, ila sikubaliani nawe moja kwa moja. Utafiti wa INTERHEART wa 2004, uliofanyika katika nchi 52, ulionyesha kuwa mambo tisa tu, yakiwemo sigara, presha, kisukari, kitambi na msongo wa mawazo, yanabeba takribani 90% ya hatari ya mshtuko wa moyo. Mengi katika hayo yako mikononi mwa mtu. Sigara hata maskini anainunua kwa hela yake mwenyewe. Marehemu baba yangu hakusoma kabisa, lakini siku alipokaa na daktari akaelezwa vizuri, sigara, aliacha palepale. Tukisema kila kitu ni umaskini, tunamvunja moyo hata yule anayeweza kujiokoa.

Mleta mada:

Ya sigara nakubali. Ila umesema mwenyewe, ndugu yangu: "akaelezwa vizuri." Mama yangu hakuelezwa. Kuna utafiti mwingine, PURE, uliofuatilia watu zaidi ya 150,000 katika nchi 17. Matokeo ya 2014 yalionyesha kuwa nchi tajiri ndizo zilizokuwa na vihatarishi vingi zaidi, lakini vifo vya moyo vilikuwa vingi zaidi kwenye nchi maskini. Kama tabia ya mtu ndiyo kila kitu, ingekuwa kinyume. Tofauti ni nani anapimwa mapema, anapata dawa na kufuatiliwa.

Kwa hiyo swali langu ni kwa mnaofanya kazi kliniki: kuna ugumu gani mgonjwa kurudia kwa maneno yake alichoambiwa kabla hajainuka? Kwa mama nilifanya hivyo nyumbani, nikampigia mstari mwekundu kwenye namba ya 140 na ya 90: ya kwanza ikifika 140 au ya pili ikifika 90, presha iko juu. Siku hizi akitoka kupima ananipigia simu mwenyewe. Mara ya mwisho alikuwa na 138 kwa 86.