Naomba ushauri: nisome kozi ya gemu moja kwa moja au nichukue sayansi ya kompyuta?

Kitufe_X

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza sekondari na nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja kimenipa digrii ya usanifu na utengenezaji wa gemu za video, kingine sayansi ya kompyuta. Muda wa kuthibitisha unayoyoma na kichwa kinaniuma.

Mzee hataki kusikia. Anasema hajawahi kuona mtu akisomea kucheza. Mama yuko upande wangu, ila akiwa mbele ya mzee anageuka.

Si kwamba naanza sifuri. Nimejifundisha Godot, programu ya kutengenezea gemu, na nina kagemu ka kuruka vizuizi, bado hakajaisha. Kwangu kanakwenda freshi, lakini jamaa yangu alipokafungua kwenye kompyuta yake, mhusika akawa anakimbia kama kafukuzwa na nyuki. Sijajua kwa nini. Hisabati ni za wastani, kuchora ndiyo sijui kabisa.

Kozi ya gemu inafundisha nini hasa? Waajiri wanaitambua? Na asiyejua kuchora anaingilia wapi? Msinitukane tafadhali.

Bibi_Vekta

Karibu kijana. Naandika programu za gemu, ndiyo kazi inayonilisha. Tuanze na hako kagemu, maana kananiambia mengi kuliko cheti chako.

Bila shaka umeandika kwamba mhusika asogee pikseli (vinukta vya skrini) kadhaa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. Kompyuta yako inachora fremu 60 kwa sekunde. Kama skrini ya jamaa yako ni ya 144, hatua ile ile inapigwa mara 144 ndani ya sekunde moja, lazima akimbie. Dawa yake ni kupanga kasi kwa sekunde, halafu uzidishe na muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Ndani ya `_process`, sehemu ya programu inayopigwa kila fremu, Godot inakupa muda huo kwa jina `delta`. Au hamishia mwendo wote kwenye `_physics_process`, ambayo kwa kawaida inapigwa mara 60 kwa sekunde hata skrini iwe ya aina gani. Angalizo: ukitumia `move_and_slide` (amri ya kumsogeza mhusika) kwenye Godot 4, kasi usiizidishe na `delta`, yenyewe inafanya hesabu hiyo.

Sasa niambie ukweli. Umesoma aya hiyo ukapiga miayo, au umetamani kuifungua kompyuta saa hii hii? Kama ni la pili, wewe ni mtu wa programu na sayansi ya kompyuta haitakutupa. Gemu ya fremu 60 ina kama milisekunde 16 tu za kumaliza kila kitu: mwendo, migongano, sauti, picha. Ukishabanwa na muda huo ndipo utaona kwa nini walikusomesha miundo ya data na algoriti, yaani namna ya kupanga taarifa na hatua za kutatua tatizo. Hisabati zinazohitajika sana ni vekta, matriki na trigonometria. Wastani inatosha kuanzia, ila usibaki hapo.

Jongoo_Mzembe

Chuo cha nini mkuu? Kila kitu kipo mtandaoni bure. Godot bure, Blender ya kuchorea 3D bure. Yule aliyetengeneza gemu ya Stardew Valley alifanya peke yake na akatoboa. Kaa ndani, piga kazi.

Asiyependa_Utani

@Jongoo_Mzembe mfano wako unakusuta. Huyo wa Stardew Valley, Eric Barone, ana digrii ya sayansi ya kompyuta, na ile gemu iliyotoka 2016 ilimla zaidi ya miaka minne. Ni nani atakayemlisha huyu kijana miaka minne akiwa amejifungia chumbani? Mzee wake?

Na huyo mzee tusimcheke sana. Mwaka 2023 na 2024 kampuni za gemu, kubwa kwa ndogo, zilipunguza wafanyakazi kwa maelfu. Anayeanza leo anagombea nafasi na watu wenye uzoefu waliopoteza kazi. Digrii ya sayansi ya kompyuta inakufungulia hata milango isiyo ya gemu, ya gemu mara nyingi inabidi uieleze kwanza. Halafu kuna zile wiki za mwisho kabla gemu haijatoka. Studio niliyopitia tulikuwa tunalala na kuamka ofisini, na malipo ya ziada hatukuyaona. Jina silitaji.

Jambo jingine: usichague chuo kwa sababu ya injini (programu ya kutengenezea gemu, kama hiyo Godot) wanayoifundisha. Septemba 2023 Unity, wenye injini nyingine, walitangaza ada itakayohesabiwa kwa kila gemu inayosakinishwa, watengenezaji wakachachamaa, wengine wakahama. Mwaka uliofuata ada ikafutwa. Anayejua misingi anahama injini kwa usumbufu kidogo tu, aliyekariri vitufe anaanza upya.

Dada_Kadi

Naona wote mnamvuta kwenye programu, na mimi ni msanifu, niruhusuni.

Watu wanadhani usanifu ni kuwa na wazo zuri. Mawazo hayana mnunuzi, kila mtu anayo. Kazi yenyewe ni kuandika kanuni ambazo mtu mwingine ataweza kuzijenga, kupanga namba (adui ana uhai kiasi gani, upanga unakata kiasi gani), kisha kumweka mchezaji mbele ya gemu na WEWE KUNYAMAZA. Zoezi linalopendwa sana darasani ni kutengeneza gemu kwa karatasi na dadu. Unawapa wenzako kanuni zilizoandikwa, unakaa pembeni, huruhusiwi kueleza chochote. Inauma! Jambo uliloliona wazi kama mchana wanalielewa kinyume kabisa. Lakini hapo ndipo unapojifunza, na ukiwa peke yako chumbani huwezi kuyaona hayo.

Chuo cha gemu kikiwa kizuri kinakupa kitu ambacho mtandao haukupi, nacho ni watu. Gemu ya Portal ilianzia kwa wanafunzi. Kundi kutoka chuo cha DigiPen lilitengeneza mradi wa shule ulioitwa Narbacular Drop, kampuni ya gemu ya Valve wakaupenda wakaliajiri kundi zima, na 2007 Portal ikatoka. Kuchora usiogope, kwenye timu mchoraji yupo, mtu wa sauti yupo.

Ila vyuo vingine vina mabango mazuri tu. Waulize kama kuna mradi wa timu unaochanganya waandishi wa programu na wachoraji, na unachukua muda gani. Kisha waombe gemu za waliohitimu. Usikubali picha, taka gemu zenyewe uzipakue uzicheze. Na walimu, majina yao yapo kwenye gemu gani?

Kitufe_X

Bibi Vekta shikamoo, imekubali! Nimetumia `delta`, kwa jamaa sasa hivi kanakwenda sawasawa na kwangu. Na hapana, sikupiga miayo.

Dada Kadi, nimewaandikia chuo cha gemu kama ulivyosema. Mradi wa timu upo, ila ni mwaka wa mwisho tu. Gemu za waliohitimu nimeomba mara mbili, wamenitumia picha na kipeperushi.

Dada_Kadi

Basi wamekujibu hao.

Bibi_Vekta

Naunga mkono. Chukua sayansi ya kompyuta, na gemu usiiache. Shiriki mashindano ya kutengeneza gemu kwa siku chache. Ludum Dare yapo tangu 2002, Global Game Jam tangu 2009, na huko utakutana na wachoraji wanaotafuta mtu kama wewe. Anayeajiri atataka kuona ulichomaliza. Gemu ndogo tatu zenye mwanzo, mwisho na menyu inayofanya kazi zinazidi ulimwengu mkubwa ulioishia njiani. Tumia Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, tangu leo, hata ukiwa peke yako.

Kitufe_X

Nimethibitisha sayansi ya kompyuta, asanteni wakuu. Swali dogo la mwisho: nimempa mdogo wangu ajaribu, analalamika kwamba anabonyeza kuruka na mhusika anatumbukia shimoni. Nimeangalia, anachelewa kubonyeza, mguu umeshatoka ukingoni. Kosa ni lake au langu?

Dada_Kadi

Lako. Mchezaji akisema amebonyeza, amebonyeza.

Bibi_Vekta

Mpe muda wa huruma: akishatoka ukingoni mruhusu bado aruke ndani ya sekunde 0.1 hivi. Gemu nyingi za kuruka zinafanya hivyo kimyakimya. Na akibonyeza mapema kidogo kabla hajatua, kumbuka hilo bonyezo, mrushe akigusa chini. Ukimaliza weka hapa tukajaribu.