PC niliyojiunganishia inafika nyuzi 95 na kujirestati tangu niovakloki (niipandishe kasi kuliko ya kiwandani), msaada wakubwa

kijana_wa_arua
Habari zenu wakubwa. Niko Arua na hii maneno imeninyima usingizi wiki ya pili sasa. Mwaka jana nilijiunganishia PC ya gemu kipande kwa kipande, vipande vingi vimetoka Kampala na basi la usiku huku naomba Mungu konda asikalie boksi. Ndani kuna Ryzen 5 3600 na feni yake ileile iliyokuja nayo (Wraith Stealth), madabodi ya B450, kadi ya picha RX 580 ya 8GB, RAM vijiti viwili vya 8GB na powa saplai ya wati 550. Ilikuwa inapiga kazi vizuri tu mpaka nikaangalia video jamaa anasema prosesa hii ukiiacha ilivyo ni kama umenunua ng'ombe afu humkami. Basi nikaingia BIOS (setingi za ndani za madabodi), nikaweka 4.3GHz koa zote (zile sehemu sita za prosesa zinazopiga kazi), volti 1.40, na RAM nikaipandisha kasi mpaka 3600. Ikawaka, nikajiona injinia.

Sasa hivi ikikaa tu bila kazi iko nyuzi 60 mpaka 62. Nikifungua gemu inaruka 95. Mara inajirestati, mara skrini ya bluu, mara inaganda na sauti inabaki drrrrrr mpaka nichomoe waya. Na jana imejirestati nikiwa nasoma tu meseji kwenye brauza, hakuna gemu hakuna nini. Chumba changu ni cha mabati hakina siling, saa nane mchana ukilala ndani unaiva. Nimefungua mfuniko wa pembeni nikaielekezea ile feni kubwa ya nyumbani, joto limeshuka nyuzi 2 tu. Kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows) naona Kernel-Power 41 zimejaa, na fundi mmoja hapa mtaani kaniambia hiyo ndo ushahidi powa saplai imekufa ninunue mpya. Hela ya kubahatisha sina. Nianzie wapi?

pad_na_rolex
Bro hiyo ni joto la Arua tu, hamisha hiyo PC ije huku Kabale tunavaa jaketi mchana 😂 Ila serious, tupa hako kafeni weka ya kupoza kwa maji utaniambia.

boda_wa_neti
Mi nilikuwa na shida kama hiyo ikawa ni umeme. Umeme ukishuka kidogo tu PC inajirestati, taa hata huoni zikififia. Weka stebilaiza.

fundi_ntinda
Kijana usinunue kitu chochote bado. Si powa saplai, si stebilaiza, na hiyo ya maji iache kabisa.

Tuanze na hiyo 41. Hiyo namba inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga, basi. Ukichomoa waya ukutani utaikuta 41, ikiganda ukaizima kwa kidole utaikuta 41, umeme ukienda utaikuta 41. Ni jirani anayekuambia nyumba yako imevunjwa, mwizi hakumwona. Wewe angalia mistari iliyo karibu yake, ukikuta WHEA-Logger 18 (ripoti ya kosa la vifaa vyenyewe) hapo tunaanza kuongea habari za prosesa na volti zake.

Halafu nadhani una magonjwa mawili na unayatibu kama moja. Joto ni moja. Kujirestati ukiwa kwenye brauza ni lingine, manake kwa nyuzi 60 prosesa hiyo haijachoka, kikomo chake ni 95.

Kuhusu joto, watu wote wanaangalia limefika ngapi. Mimi nataka kujua limepandaje. Fungua HWiNFO (programu ya kuonyesha joto), acha mashine itulie, afu washa Cinebench R23 (programu ya kuipa prosesa mzigo mzito) na usibanduke kwenye namba. Likipanda polepole, dakika tano, kumi, hewa haizunguki ndani ya keisi au chumba kimekuwa oveni, hapo vumbi na feni ndo wa kuulizwa. Lakini likiruka kutoka 60 mpaka 95 kwa sekunde mbili tatu, joto halifiki kwenye hitisinki (kile chuma cha kunyonya joto chini ya feni) kabisa, linazaliwa na kubaki palepale juu ya prosesa. Feni ya nyumbani haiwezi kupuliza joto ambalo halijafika kwake. Na wewe mwenyewe umeshasema, umefungua mfuniko umeweka feni kubwa na imeshuka 2. Hiyo 2 ndo imenishtua kuliko hiyo 95.

Na hiyo volti 1.40. Utaambiwa kwenye mitandao mbona Ryzen yenyewe inajipandisha mpaka 1.4 na zaidi, ni kweli, ila inafanya hivyo ikiwa na kazi ndogo kwa koa moja moja na inashuka yenyewe. Ukiifunga 1.40 kwa koa zote sita chini ya mzigo ni hadithi nyingine. Moto unapanda kwa volti mara volti, si kwa volti tu. Kama awali ilikuwa kwenye 1.20 hivi, fanya hesabu, 1.44 dhidi ya 1.96, ni asilimia 36 zaidi kabla hata hujahesabu hizo GHz. Ikiwa na setingi zake za kiwandani hiyo prosesa inajizuia kwenye wati 88, ukifunga namba kwa mkono hicho kizuizi umekitoa. Kwa faida gani? Yenyewe inafika 4.2 ikihitaji.

Rudisha BIOS yote mwanzo, RAM pia, pima upya, uniletee namba.

dada_pikseli
Nakubaliana na mzee hapo juu, mi naongeza la RAM. Hivyo vijiti viwili ulinunua siku moja kwenye pakiti moja, au kimoja leo kingine baadaye? Rasmi hiyo prosesa inapokea mpaka 3200, 3600 ni bahati na sibishi wengi wanaipata, ila kama ni vijiti visivyo ndugu unaweza kukosa hata 3200. Na RAM mbovu haina adabu, itakuangusha kwenye brauza, kwenye YouTube, hata ukiwa unatazama picha za harusi. Weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iache usiku ipige raundi zote 4. Kosa moja tu jekundu ni kosa, usiniambie "ni moja tu".

kijana_wa_arua
Asanteni sana wakubwa. Majibu haya.

Umeme nimeutoa kwenye orodha kaka boda, skrini iko kwenye ekstensheni moja na PC, PC ikijirestati skrini haipepesi hata. WHEA-Logger 18 zipo, tatu, zote za ile wiki ya 4.3.

Nimerudisha BIOS mwanzo. Bila kazi sasa 55. Nikawasha Cinebench, mzee Ntinda, sijamaliza hata kuhesabu tatu iko 95 na kasi imeshuka mpaka 3.5. Na hii ni saa nne usiku chumba kimepoa.

RAM dada umenishika, kimoja nilinunua na PC kingine miezi mitano baadaye, rangi moja nikajua ni mapacha.

fundi_ntinda
Sekunde tatu, setingi za kiwandani, usiku. Hitisinki haijakaa. Ifungue, ila soma hapa kwanza kabla hujashika bisibisi.

Prosesa yako ya AM4 (aina ya soketi yake) ina pini 1331 na ziko chini ya prosesa yenyewe, si kwenye soketi. Pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) ikiwa baridi inashika kama gundi, ukivuta juu moja kwa moja prosesa inang'oka na hitisinki wakati soketi bado imefungwa, na pini zikipinda utakaa na sindano na miwani mpaka asubuhi. Nimefanya hiyo kazi, siitaki tena. Endesha gemu dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, legeza skrubu zote nne kidogo kidogo kwa kuvuka (hii, afu ya ng'ambo yake), halafu izungushe hitisinki kushoto kulia taratibu kama unafungua mfuniko wa chupa ya jemu. Ikiachia ndo unainua. Piga picha ya pesti kabla hujafuta!

kijana_wa_arua
Wazee. Nimeona.

Pesti upande mmoja ilikuwa nene kama blubendi kwenye mkate, upande wa pili imebanwa mpaka inang'aa. Yaani hitisinki ilikaa imeinama kama kofia ya mlevi. Skrubu tatu zilishika, ya nne ilikuwa inazunguka tu. Na sasa nakumbuka, siku ya kuunganisha nilipotoa vile viplastiki vya soketi lile bamba la nyuma ya madabodi likaanguka, mi sikujua halijashikwa na kitu kingine, nikalirudisha kwa kupapasa na keisi imesimama. Lilikaa upande. Kwa hiyo mwaka mzima imekuwa hivyo??

fundi_ntinda
Mwaka mzima, ndio. Ilikuwa inajipunguza kasi kimyakimya na wewe hukuwahi kupima. Ulivyofunga namba kwa mkono ukaiziba mdomo, ikaanza kupiga teke. Laza madabodi, mtu ashike bamba kwa nyuma, anza zile skrubu zote kwa vidole kabla ya bisibisi. Pesti kiasi cha punje ya njegere katikati.

kijana_wa_arua
Nimemaliza jana, mdogo wangu kashika bamba, pesti nimepata kwa jamaa wa laptopu kwa elfu 15. Bila kazi 41. Cinebench dakika kumi imepanda polepole mpaka 83 ikatulia, gemu ya mpira haivuki 70 usiku. Mchana chini ya mabati Cinebench inafika 90, kwa hiyo siku za jua nimeiwekea PPT (kikomo cha umeme wa prosesa) ya wati 60 kama nilivyoona mahali, inarudi 74 na fremu sioni kama zimepungua.

MemTest86 kwa 3200 imetoa makosa 11 raundi ya kwanza. Kila kijiti kikiwa peke yake, sifuri. Vyote viwili kwa 2933, raundi 4, sifuri. Siku ya nne leo haijajirestati.

dada_pikseli
Baki hapo 2933. Ukipata hela uza vyote viwili ununue pakiti ya mapacha wa kweli.

pad_na_rolex
Kwa hiyo ya kupoza kwa maji hatununui? 😂

kijana_wa_arua
Maji yenyewe huku tunayafuata kwa jerikeni kaka.