VeraCrypt inachelewa kuwaka: nipunguze PIM, nihamie BitLocker, au niende Linux?

msaidizi_wa_Kisasa
Wakuu mbukwenyi. Naomba mawazo kwa wanaojua haya mambo. Mi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma, mirathi, talaka, ugomvi wa viwanja ndo kazi yangu, kwa hiyo laptopu imejaa namba za NIDA za watu, vyeti vya vifo, hati, na nazunguka nayo kwenye mabasi Bahi, Chamwino mpaka Mpwapwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika 2023 ofisini wamekaza, hakuna laptopu inatoka nje bila diski kuenkriptiwa, na sipingi hata kidogo. Kinachonitesa ni kuwaka. Naandika paswedi ya VeraCrypt (ile programu ya kuenkripti diski), napiga Enter, nakaa, nakaa, afu Windows nayo inaanza kujivuta kivyake. Betri haishiki tena, so umeme ukikatika tu mnaanza upya na mteja yuko mbele yako na mtoto mgongoni anakuangalia.

Nimeshaambiwa mambo manne na watu wanne: punguza PIM (ile namba ya VeraCrypt inayopanga paswedi izungushwe mara ngapi), hamia BitLocker (enkripsheni ya Windows yenyewe), weka Linux, enkripti folda tu basi. Ipi ni ipi? Mashine ni ya mtumba, Core i3 kizazi cha pili, RAM 4, hadidiski ile ya kuzunguka, Windows 10.

fundi_nkuhungu
Dada kabla hujahama popote tenganisha kusubiri kwako, maana ziko mbili na hazina undugu. Ya kwanza ni kutoka Enter mpaka nembo ya Windows itokee. Ya pili ni kutoka nembo mpaka uweze kufungua faili. Watu wanazijumlisha wanasema "VeraCrypt nzito" afu wanatibu ugonjwa sio.

Ya kwanza ni paswedi inageuzwa kuwa ufunguo. Programu haiitumii paswedi kama ulivyoiandika, inaipitisha kwenye hesabu ya hashi (hesabu isiyorudi nyuma) tena na tena, kwa kontena la kawaida (faili moja lililofungwa kwa paswedi, mafaili mengine yanakaa ndani yake) mizunguko 500,000, kwa diski ya Windows iliyowekwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha, MBR, na hashi ya SHA-256 ni 200,000. TrueCrypt ambayo ndo mzazi wake ilikuwa inazungusha 1,000 au 2,000 tu, ndo maana wakongwe wanakwambia zamani ilikuwa inafunguka fasta. Huo uzito ni wa makusudi kabisa, anayebahatisha paswedi naye alipie muda uleule kwa kila jaribio. Sasa kwenye MBR ile programu ndogo ya kuwashia inafanya kazi kwenye hali ya biti 16, yaani prosesa inatumika kama ya enzi za DOS, hapo lazima usubiri. Mashine iliyowekwa kwa mtindo mpya, UEFI, inaenda haraka zaidi.

Ya pili ni diski yenyewe, kila kinachosomwa kinafunguliwa hapohapo. Prosesa zenye AES-NI (msaada uliojengwa ndani ya prosesa kwa ajili ya algorithimu ya AES) hilo wala hazilihisi, lakini i3 ya kizazi cha pili haina AES-NI, inapiga hesabu kwa misuli. Na hadidiski ya kuzunguka ndo hivyo tena.

Fungua VeraCrypt, angalia diski imewekwa kwa algorithimu gani, ulete jibu hapa.

msaidizi_wa_Kisasa
Imeandika AES-Twofish-Serpent, hashi SHA-256. Kijana aliyetuwekea alisema hiyo ndo kiboko yao. Kusubiri kwa kwanza ni kama dakika hivi, kwa pili naenda kuchemsha chai narudi bado.

fundi_nkuhungu
Kiboko kweli, ila anayechapwa ni wewe 😂 Hizo ni tabaka tatu, kila baiti inapita kwa AES, Twofish na Serpent, kwenye prosesa isiyo na msaada wowote. AES peke yake hakuna aliyeivunja, mwizi wa stendi ya Nanenane hatakuwa wa kwanza. Chai yako yote iko hapo na kwenye hadidiski, haiko kwenye PIM.

Ila ujue algorithimu haibadilishwi kwa kubadili paswedi. Inabidi diski yote ifunguliwe kabisa afu ienkriptiwe upya, kazi ya usiku kucha na zaidi kwa hadidiski yako, na bila bakapu usiiguse. Na kwa betri hiyo, usianze bila UPS.

Mtumba_IT
Mi nawaona mnazunguka mbuyu. BitLocker ipo ndani ya Windows Pro, ufunguo unakaa kwenye chipu ya TPM, unawasha mashine inakuja moja kwa moja kwenye login, hakuna kusubiri kwa kwanza kabisa. Ofisi yetu wote tuko huko na watumiaji wengine hata hawajui kama diski imeenkriptiwa. Ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 unauhifadhi pembeni, mchezo umeisha.

zabibu_kavu
Mkuu @Mtumba_IT kwa laptopu mpya za ofisi uko sahihi, ila kwa huyu dada hapana. Laptopu nyingi za umri huo za dukani hazikuwa na TPM. Unaweza kulazimisha BitLocker bila TPM kupitia Group Policy (setingi za ndani za Windows) lakini hapo inaomba paswedi au fleshi kila ukiwasha, kwa hiyo umerudi kulekule. Na kusubiri kwa pili kunabaki, AES bila AES-NI ni nzito iwe ya Microsoft au ya nani.

Afu hilo la "inakuja moja kwa moja kwenye login" we unalisifia, mi linanitia wasiwasi. Maana yake aliyeiba laptopu nzima naye inamfungukia mpaka kwenye login. Mwaka 2024 kuna mtafiti alionyesha hadharani anachota ufunguo wa BitLocker ukiwa njiani kutoka TPM kwenda kwa prosesa, kwa kidude cha Raspberry Pi Pico, chini ya dakika moja. Ilikuwa laptopu yenye TPM ya pembeni, zile ambazo TPM iko ndani ya prosesa hiyo njia haiziwezi, lakini bila PIN ya kuwashia mi nisingelala. Ukiweka PIN sawa, na TPM yenyewe inazuia mtu kubahatisha ovyo kwa hiyo PIN fupi inatosha. Hapo ndo BitLocker inampita VeraCrypt kwa kasi kihalali.

Halafu Windows 10 Microsoft walifunga sapoti 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Hiyo mashine haina pa kwenda kwenye Windows.

Mtumba_IT
PIN tunaweka kwa wanaosafiri. Nimekubali hilo la TPM, sikuwa nimesoma vizuri kwamba ni kizazi cha pili.

pengwini_wa_Chimwaga
Nilikuwa nasubiri mtu ataje Windows 11 😀 Dada weka Mint, ni aina ya Linux. LUKS (enkripsheni ya diski ya Linux) inakuja nayo, unatiki kisanduku kimoja wakati wa kuinstoli, na kuhusu kuwaka ina akili moja nzuri sana: haiji na idadi ya mizunguko ya kudumu, inaipima mashine yako wakati wa kuweka ikachagua uzito ambao utachukua kama sekunde 2 kwenye mashine hiyohiyo. Kwa hiyo laptopu dhaifu haisubirishwi dakika nzima.

Mitego yake iko miwili na ndo inafanya watu waje kulalamika kwamba LUKS nzito. Mmoja, mtu anainstoli kwenye desktop kali ya rafiki afu anachomoa diski anaiweka kwenye laptopu dhaifu. Zile sekunde 2 zilipimwa kwenye desktop, huku zinakuwa nyingi. LUKS2 (toleo jipya la LUKS) kwa kawaida inatumia Argon2id, njia ya kugeuza paswedi kuwa ufunguo ambayo inakula na RAM pia, inaweza kufika GB 1 kwa kufungua tu. Dawa yake ni kukaa kwenye laptopu yenyewe na kupiga amri ya `cryptsetup luksChangeKey`, unaweza kuandika paswedi ileile, itapima upya. Wa pili, wajanja wanaoweka hata /boot (sehemu yenye mafaili ya kuwashia) ndani ya enkripsheni. Hapo anayefungua ni GRUB, programu ndogo ya kuwashia Linux, na GRUB inapiga hesabu zake polepole bila msaada wa prosesa. Tena GRUB 2.06 ilipoanza kusoma LUKS2 ilikuwa inakubali PBKDF2 tu (njia ya zamani ya kugeuza paswedi), Argon2 haikuwa inaijua. Mint ukiiacha na setingi zake /boot inabaki nje, kernel (kiini cha Linux) ndo inafungua, hamna shida.

Andika `cryptsetup benchmark` uone mwenyewe mashine yako inapenda nini. Kwa mashine zisizo na msaada wa AES kabisa kuna algorithimu Google walitoa 2019 kinaitwa Adiantum, kilitengenezwa kwa ajili ya simu za bei rahisi, kernel inakijua tangu 5.0. Ila kukiweka kwenye diski nzima ni kwa mikono, simshauri mtu mwenye wateja kesho asubuhi.

binti_kondoa
Samahani naingilia, mi wa upande wa folda tu. Nina duka la stesheneri Kondoa, natunza vitu vya wateja kwenye kontena la VeraCrypt, Windows inawaka kawaida, nasubiri tu pale ninapofungua kontena, nikimaliza nafunga. Na kuna kitu kilinisaidia sana, pale kwenye dirisha la paswedi ukiacha hashi ijitafute yenyewe inajaribu moja baada ya nyingine, na kila moja ni mizunguko nusu milioni, ukiichagulia SHA-512 (kama ndo uliyotumia) inafunguka mara moja. Ukikosea paswedi pia ndo inakawia zaidi maana inazimaliza zote kabla ya kukukatalia.

Swali langu: KeePassXC (programu ya kutunza paswedi) kwenye kompyuta inafunguka sekunde moja, faili lilelile nikilipeleka kwenye simu inaganda, wakati mwingine programu inajifunga. Simu mbovu?

pengwini_wa_Chimwaga
Simu sio mbovu. KeePassXC inafanya kilekile cha LUKS, inapima kwenye kompyuta yako. Ingia kwenye setingi za database, sehemu ya usalama, utaona Argon2 imepewa RAM kiasi gani. Punguza hiyo RAM, ongeza mizunguko kidogo, jaribu kwenye simu mpaka ukae sekunde moja mbili. Kanuni ni kupima kwenye kifaa kinyonge kuliko vyote unavyotumia.

zabibu_kavu
Dada wa Kondoa kwa duka iko sawa. Kwa mambo ya mirathi kontena peke yake silipendi, kwa sababu Windows ina umbea: ukifungua hati iliyo ndani ya kontena, Word inaweza kuacha nakala za muda nje, majina ya faili yanabaki kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni, vipande vinaangukia kwenye pagefile (faili ambalo Windows inalitumia kama RAM ya ziada), na ukihaibaneti RAM nzima inaandikwa kwenye diski. Diski nzima inafunika vyote hivyo. Cryptomator (programu ya kuenkripti mafaili ya folda) nayo ni hivyohivyo, nzuri kwa vitu unavyopandisha Google Drive, sio mbadala wa hii.

Na PIM, maana swali la kwanza hamjalijibu. Kwenye diski ya Windows ya MBR mizunguko ni PIM mara 2,048, ukiiacha bila kuandika inakuwa kama umeweka 98. Kwa kontena ni 15,000 kujumlisha PIM mara 1,000, hapo kawaida ni 485. Paswedi ikiwa chini ya herufi 20 VeraCrypt haikuruhusu kushuka chini ya hizo, ikifika 20 na kuendelea unashuka unavyotaka. Watu wanaogopa kushuka bila kupiga hesabu. Ukitoka 98 ukaenda 10 umempunguzia mwizi kazi kama mara kumi. Ukiongeza neno moja la kubahatisha kwa dadu kutoka kwenye orodha ya maneno 7,776, umemwongezea kazi mara 7,776. Yaani neno moja linalipa deni lote la PIM na chenji inabaki nyingi mno. Sharti ni dadu lichague, sio wewe. "HabaNaHabaHujazaKibaba" ina herufi zaidi ya 20 na VeraCrypt itaipokea kwa furaha, na mtu yeyote wa hapa Tanzania mwenye orodha ya methali ataifungua kabla ya mchana.

msaidizi_wa_Kisasa
Mmenifungua macho jamani. Kumbe PIM ingenipunguzia ile dakika ya kwanza tu, chai ingebaki palepale.

Sasa naomba niseme nilivyoelewa mnisahihishe. Niweke bakapu kwenye diski ya nje, nayo iwe kontena la VeraCrypt. Ninunue SSD (diski isiyozunguka). Niweke Mint na LUKS kwenye laptopu hii hii, sio kwingine. Fomu zetu za Word zinafunguka kwenye LibreOffice, nimeshajaribu kwenye mashine ya mdogo wangu, mistari ya jedwali inasogea kidogo lakini zinasomeka. Ofisini wakikataa Linux, basi nibaki VeraCrypt, AES peke yake, paswedi ya maneno sita ya dadu, PIM ishuke.

fundi_nkuhungu
Hujakosea popote. SSD ndo utaihisi kuliko vyote, bila AES-NI haitafika kasi yake ya kwenye boksi lakini Windows au Mint ikiwaka inachota vifaili vidogo maelfu huku na kule, hapo hadidiski ya kuzunguka haiwezi kushindana. Hadidiski ya zamani usiiuze wala kuigawa kabla ya kuifuta yote.

Mkibaki VeraCrypt: ukishabadili paswedi au PIM tengeneza Rescue Disk (diski ya uokoaji mashine ikigoma kuwaka) mpya na ile ya zamani uiharibu, maana ya zamani bado inafungua kwa paswedi na PIM ya zamani. Na PIM iandike mahali, ukiisahau ni sawa na kusahau paswedi, hakuna fundi Dodoma nzima atakayekusaidia hapo, hata mimi.

binti_kondoa
Na SSD feki zipo nyingi, unaambiwa GB 480 ukijaza 30 inakufa. Unapimaje kabla hujalipa?

fundi_nkuhungu
Beba fleshi yenye H2testw (programu ya kupima ukubwa halisi wa diski), iandike diski mpaka ijae hapohapo dukani. Muuzaji akikataa kusubiri, ondoka.