MR-S na kona za Soni: juzi mkia umenikimbia, nianze kurekebisha wapi?

KonaYaSoni

Wakuu habari za majukumu. Naombeni ushauri maana hili jambo nimekaa nalo wiki nzima, silali vizuri.

Nina Toyota MR-S ya 2001, kale kagari ka siti mbili ka kufungua paa, manual gia 5, ile yenye injini ya 1ZZ nyuma ya siti. Nimeinunua kwa mtu Dar mwaka jana, nilikuwa naitamani toka niko shule. Mimi naishi Tanga ila wazee wako Lushoto, kwa hiyo karibu kila wikiendi napanda Mombo, Soni, Lushoto halafu jumapili jioni nateremka. Wanaoijua ile barabara wanajua, kama kilomita 33 za kona tupu, lami nyembamba, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na malori ya mboga yanashuka yamejaa mpaka juu. Kupanda na hii gari ni raha ambayo siwezi kuieleza, inageuka kabla hujamaliza kufikiria, stelingi nyepesi, unasikia injini mgongoni, paa umefungua na ule ubaridi wa Usambara.

Sasa jumapili iliyopita nateremka, mvua ya rasharasha, niko gia ya tatu wala sio mwendo wa ajabu, chini kidogo ya maporomoko ya Soni nikaingia kona ya kushoto nikakuta lori limekata upande wangu. Nikaachia mafuta ghafla nikagusa na breki. Wakuu, nyuma ilitoka kama mtu ameisukuma. Sikupata hata muda wa kurudisha stelingi, gari ikazunguka ikaishia mtaroni upande wa mlima inaangalia tulikotoka. Ingekuwa upande wa pili nisingeandika hapa. Mke wangu alikuwa pembeni, hakuumia mtu, bampa tu na rimu moja. Ila kasema hapandi tena hii gari mpaka nimhakikishie, na ana haki.

Nimeuliza huku na huku. Gereji moja wanasema niweke koilova (springi na shokapu za kurekebisha urefu) niishushe inchi mbili itakaa chini. Rafiki yangu anasema niweke injini ya Toyota Runx Z, ina nguvu zaidi. Mwingine anasema niuze ninunue Subaru. Kuuza siuzi. Nataka kujua wenye hizi gari za injini katikati mnaishi nazo vipi milimani, na hela kidogo niliyonayo ianzie wapi.

Spana14

Pole sana mkuu, na shukuru Mungu. Mimi nimezifungua hizi gari kuanzia SW20 (Toyota MR2 iliyotangulia) hadi hiyo yako, nikuombe kitu kimoja: usinunue chochote kwanza. Nenda kwenye gari sasa hivi na tochi ya simu, soma matairi yote manne ubavuni, saizi na zile namba nne za mwisho za DOT (wiki na mwaka wa kutengenezwa), uniletee hapa.

Nakueleza kwa nini. Hii gari uzito wake mwingi uko nyuma, injini na giaboksi viko mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukiwa unakanyaga mafuta taratibu kwenye kona uzito unakaa nyuma, matairi ya nyuma yanashika, kila kitu shwari. Ukiachia ghafla, tena kwenye mteremko ambako uzito ulishaanza kwenda mbele wenyewe, nyuma inakuwa nyepesi. Fikiria umebeba gunia mgongoni unakimbia halafu ukakata kona ghafla: wewe umegeuka, gunia linaendelea na safari yake na linakuvuta. Corolla ukiachia mafuta kwenye kona inatulia. Hii ukiachia inageuka zaidi.

Toyota walilijua hilo kabla ya wewe. Ndo maana gari ilitoka kiwandani na matairi tofauti, mbele 185/55R15 nyuma 205/50R15, na zile za baadaye nyuma wakaweka rimu ya 16 yenye 215/45. Mbele nyembamba makusudi, ili ukizidisha mwendo mbele ianze kuteleza kwanza, inakupa taarifa kabla nyuma haijaondoka. Upepo pia, stika ya mlango kwenye niliyonayo mimi inasema PSI 26 mbele na 32 nyuma. Wajaza upepo wetu wanakuwekea 35 pande zote wakidhani wanakusaidia, na hapo wameshaua mpango mzima.

Lifti6200

Mkuu pole. Mi naona tofauti kidogo, hizo 1ZZ zina matatizo yake, za miaka hiyo zinakula oili kwa sababu ya pistoni na ringi, na ukishaanza kuongeza oili kila wiki hiyo injini huna. Mimi niliweka 2ZZ kutoka kwenye Runx Z na giaboksi yake ya gia 6, kwenye MR-S hiyohiyo, na sijutii hata siku moja. Ile injini ni familia moja na yako, unahitaji waya na kompyuta yake na fundi anayejua umeme, lakini ikikaa imekaa. Kutoka farasi 140 mpaka 190 kwenye gari isiyozidi tani moja, mlima Kitonga kule Iringa unapanda malori yote unayaacha. Na ukiwa na nguvu unaweza kutoka kwenye tatizo kwa kukanyaga mafuta badala ya kuachia.

Spana14

Lifti nakuheshimu na 2ZZ naipenda, nimezifunga tatu. Ila tusimpoteze huyu ndugu. Ile injini kamu kubwa, yaani lifti inayoleta hizo nguvu, inafunguka injini ikizunguka kama 6200 kwa dakika, na kwa gia zile gia ya pili unafika hapo ukiwa umeshapita 70. Soni hakuna kona ya kupita na 70 salama, muda wote atakuwa chini ambako 1ZZ yake inavuta vizuri tu. Kitonga ni barabara kuu, pana, ni habari nyingine. Halafu 2ZZ ya mtumba boliti za lifti zimeshalika kwenye nyingi zinazouzwa huku, na ukikosea gia ukashusha badala ya kupandisha pampu ya oili inavunjika. Aanze na kinachomtupa mtaroni.

La oili uko sahihi, KonaYaSoni vuta dipstiki kila ukijaza mafuta. Injini yenyewe inabeba lita 3.7 tu, ikipungua lita moja kwenye mteremko wa kona hiyo ni nyingi sana. Na muulize aliyekuuzia kama masega (yale ya kauri ya kuchuja moshi) ya kwenye manifoldi ya eksozi yalishatolewa. Za mwanzo mwanzo masega madogo yako karibu kabisa na injini, yakichoka yanamomonyoka na ule unga wa kauri unarudi kwenye silinda unakwangua kuta. 1ZZ nyingi za MR-S zilikufa hivyo, watu wakasema Toyota mbovu.

Elgeyo_lami

Wasee salamu kutoka Eldoret. Hizi gari huku ni chache sana, ile sheria ya Kenya ya kutoingiza gari iliyozidi miaka 8 ilifunga mlango kitambo, so zenye tuko nazo tunazitunza kama yai. Mimi hushuka Iten kuenda Tambach mpaka chini Kerio halafu napanda Kabarnet upande ule mwingine, na nimefanya hivyo miaka sita na gari moja, MR-S pia.

Boss mimi naomba uangalie breki na maji kabla hujaangalia pawa. Breki: fluidi ya zamani huvuta unyevu, ukishuka kona ishirini ukiwa umekanyaga inachemka na pedo inaenda mpaka chini, mimi ilinipata mara moja tu na sitaki irudi. Weka DOT 4 mpya, badilisha kila mwaka, na ushuke na gia ya pili injini ikushikilie. Breki unatumia kabla ya kona, gari ikiwa bado imenyooka. Ukishaanza kugeuka mguu unarudi kwa mafuta, kidogo tu, usiutoe.

Maji sasa. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma, kuna mapaipu mawili marefu yanapita chini ya gari. Fundi asiyejua anamwaga kulanti anajaza kama ya Corolla, hewa inabaki huko kati, ukipanda escarpment na jua la mchana sindano inapanda bila wewe kuelewa. Lazima hewa itolewe kule mbele kwanza, pole pole, hita ikiwa imefunguliwa. Chunguza pia hayo mapaipu kama yamegongwa na matuta.

Halafu kitu kingine watu hawasemi, huko juu Iten ni karibu mita 2,400, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama moja ya tano ya nguvu. Mtu anaona gari imelemaa anakimbilia kununua eksozi. Gari iko sawa, ni mlima.

KonaYaSoni

Wakuu asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Spana14 nimesoma matairi na nimeshtuka. Mbele yote 195/55R15, DOT inaisha 22 (mwaka 2022), yaani yana hali nzuri kabisa. Nyuma yote 195/55R15 pia, DOT 3112. Wiki ya 31 mwaka 2012!! Yana kashata za kutosha ndo maana sikuwahi kuwaza, ila nikipiga kidole mpira ni mgumu kama soli ya kiatu cha jeshi na kuna nyufa ndogo ndogo pembeni. Upepo nilikuta 36 mbele na 33 nyuma.

Spana14

Hapo ndipo tatizo lilipo mkuu. Aliyekuuzia alikosa 185 na 205 akaweka saizi moja kote, halafu akanunua mapya mawili akayafunga mbele kama watu wanavyofanya kwenye gari za kuvuta mbele. Umekuwa na gari inayoshika mbele na kuteleza nyuma, kinyume kabisa na ilivyochorwa. Kwenye lami kavu hukuona kitu. Kwenye lami iliyolowa ya Soni yenye majani na matope ya malori ulikuwa unasubiri siku tu.

Tafuta 205/50R15 mbili mpya za nyuma, zinapatikana ukiagiza, za mbele 195 unaweza kubaki nazo kwa muda ila upepo shusha. Ukitoka hapo nenda alaimenti ya magurudumu YOTE MANNE. Huku wengi wanakupimia ya mbele tu wanakwambia tayari. Hii gari nyuma ina rodi zake za kurekebisha, na nyuma lazima matairi yaelekee ndani kidogo. Kama bushi imelika na tairi linaangalia nje, hata uweke matairi ya dhahabu itakuzungusha.

DadaGiaTano

KonaYaSoni pole kaka, mpe pole na shemeji. Nami nina ya 2003, niko Arusha, naongezea ya kuishi nayo maana wengi mmeongelea mbio.

Kuhusu kuishusha inchi mbili, achana nayo kabisa. Mimi nilishusha. Kila kijiji kati ya Moshi na Same kina tuta, na rasta zile zinang'oa plastiki za chini moja moja, mwisho ukigonga tuta kwenye kona gurudumu linageuka lenyewe kwa sababu rodi zimekaa pembe isiyo yake. Nimerudisha springi za kiwandani na shokapu mpya nne, gari imekuwa tamu kuliko siku zote. Kama una hela baada ya matairi, shokapu ndio hela ilipo, hizo za kwako kama hazijabadilishwa zina zaidi ya miaka 20.

Pili, tairi la akiba pale mbele usilitoe ili upate nafasi. Najua mzigo hautoshi, mama akikufungashia viazi na plamzi za Lushoto unahangaika utaweka wapi, ila mbele hii gari ni nyepesi tayari, ukilitoa mbele inazidi kuelea. Mizigo mizito weka kwenye yale makabati nyuma ya siti, mimi mkeka na begi moja vinaingia.

Tatu, wewe uko Tanga, chumvi ya bahari. Ingia chini uangalie ile fremu ya nyuma inayobeba injini, huwa inaoza kutokea ndani, nje unaona rangi nzuri. Gonga na nyundo usikilize. Na vitundu vya kutolea maji ya paa, pembeni nyuma ya milango, visafishe kila masika ikianza, vikiziba maji yanaingia ndani unakanyaga zulia limelowa.

Lifti6200

Nakubali kwa hilo la matairi, saizi moja kote na 2012 nyuma hata mimi nisingeanza na injini. KonaYaSoni ukishakaa sawa ukataka kuonja 2ZZ niambie, nitakuja Tanga na yangu upande uendeshe mwenyewe.

KonaYaSoni

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa, matairi yalichukua wiki mbili kufika.

Nimeweka 205/50 nyuma mpya, upepo 26 na 32. Alaimenti nilienda mpaka Moshi kwenye mashine ya magurudumu manne. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linaangalia nje, bushi ya rodi imekwisha kabisa, unaitikisa kwa mkono. Imebadilishwa, sasa yote mawili ya nyuma yanaangalia ndani kidogo. Fluidi ya breki iliyotoka ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi. Fremu nimegonga, iko nzima isipokuwa sehemu moja kulia imeanza, fundi ameikwangua na kupaka. Masega nimefungua manifoldi nikakuta yalishatolewa zamani, hapo nilishukuru sana.

Jana nimepanda peke yangu mapema kabla malori hayajaanza, ukungu ulikuwa umefunga kuanzia Soni kwenda juu. Nilipita ile kona mara tatu, nikigeuza gari chini na kurudi, mwendo mdogo kabisa, mara ya tatu nikaachia mafuta kidogo makusudi katikati barabara ikiwa tupu. Mbele ikasogea nje kama nusu hatua, nyuma ikakaa. Gari ileile.

Shokapu naagiza mwisho wa mwezi, DadaGiaTano nitakutafuta unielekeze ulikopata. Mke wangu kaniambia jumamosi anapanda, ila mpaka Mombo kwanza, Soni ataamua tukifika pale chini.