Naomba ushauri: kutofautisha vitwitwi wakiwa wamepumzika

Habari zenu wanakikundi. Wajuzi wa ndege wa pwani, naombeni msaada.

Huwa natoka Mombasa kwenda mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, wakati wa bamvua, maji yakijaa na ndege wakakusanyika kwenye matuta. Kinachonishinda ni kutofautisha vitwitwi wa aina mbili zinazofanana: mongolus na leschenaultii (majina yao ya kisayansi). Wakila sina shida: leschenaultii ana mdomo mrefu, unaozidi umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Lakini wakipumzika huficha mdomo manyoyani. Rangi ya miguu (kijivu-kijani kwa leschenaultii, nyeusi kwa mwenzake) siiamini sana, maana tope la chumvi huiganda. Isitoshe, jua likipanda joto hutetemesha kila kitu kwenye darubini. Nimepunguza ukuzaji kutoka mara 60 hadi 25 na kuinua miguu ya darubini. Nafuu ni ndogo.

Je, akiwa amesimama hivyo, mnategemea alama gani? Na nje ya ndege: wale wadudu kereng'ende wa aina ya Pantala flavescens wanaofika na mvua za vuli, hutua wapi na saa ngapi nipate kuwapiga picha? Mchana nawaona wakiruka tu.

Natanguliza shukrani.