Ushauri: Mama na shangazi zangu wanakuja Strasbourg, niwaandalie kwa vyombo vya udongo vya huku?

Binti_Mtangata

Assalaam alaykum, na habari za jioni wadau.

Naomba mawazo yenu, hasa mlioko Ulaya na mmewahi kupokea wageni kutoka nyumbani. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Alsace, mashariki ya Ufaransa, huu mwaka wa sita. Mwezi ujao mama anakuja na shangazi zangu wawili. Ni mara yao ya kwanza kufika huku, na Jumapili yao ya kwanza nataka niwakutanishe na wakwe zangu. Mezani tutakuwa watu 14.

Tangu nifike nimependa sana vyombo vya zamani vya mashambani. Kila kiangazi vijiji vya huku huwa na gulio, watu wanashusha vitu vya darini na kuvipanga barabarani, nami sikosi. Nina chungu kikubwa cha mviringo mrefu chenye kifuniko, cha kahawia na maua meupe, kile wanachopikia baeckeoffe, nyama na viazi vya kuokwa taratibu vya huku. Nina mitungi mitatu ya kijivu yenye michoro ya buluu, kalibu mbili za kougelhopf, keki ya huku yenye tundu katikati, na mashuka ya kitani yenye herufi zilizodariziwa kwa uzi mwekundu pembeni. Hayo nataka niyatandike mezani. Nikishapanga na kuwasha mishumaa, naiona meza imependeza mpaka moyo unatulia.

Juzi nikamtumia mama picha. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, vyombo vya kabatini huko hamna?" Mnajua kwetu mgeni anatolewa sahani zenye mstari wa dhahabu, zile ambazo watoto hatukuthubutu kuzigusa. Naogopa ataona mwanawe ameishiwa, anampokea kwa vigae mbele ya wakwe.

Niviache vyombo hivi nikanunue seti ya kisasa? Au kuna namna ya kuvitumia mama aone ameheshimiwa? Biriani lazima iwepo, hilo halina mjadala.

Kijana_wa_Mvita

Dada, mama amekwishasema. Nunua sahani nyeupe nzuri, mpokee anavyopenda. Mtindo wako utaufanya na marafiki.

Mfinyanzi67

Naheshimu maoni ya mkuu hapo juu, ila nadhani tunachanganya mambo mawili. Mama hachukii udongo. Tanga samaki wa nazi bado wanapikwa kwenye chungu. Kinachomuumiza ni ufa na ukingo uliomeguka, ambao vyombo vya gulioni huwa nao. Kwa Mfaransa, sahani iliyomeguka ina historia. Kwetu, sahani iliyomeguka anawekewa kuku. Toa mezani kila chenye ufa, ubaki na vizima, halafu mtazame tena picha.

Nimefanya kazi kwenye karakana ya ufinyanzi huku kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ninalo la kusema kuhusu vyombo vyenyewe. Ulivyonavyo vinatoka kwenye jadi mbili tofauti, za miji miwili midogo isiyofika kilomita 50 kutoka kwako. Mitungi ya kijivu na buluu ni kazi ya Betschdorf. Inachomwa kwa joto la nyuzi kama 1250, na tanuri likishapamba moto wanatupia chumvi humo ndani. Mvuke wake unashikana na udongo na kuwa ngozi ngumu yenye vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Pitisha kidole utavisikia. Buluu inatokana na madini ya kobalti. Mitungi hiyo haipitishi maji na glezi yake ya chumvi, yaani ngozi hiyo ya juu, haina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Weka maji, juisi, hata achari. Usiitie kwenye oveni tu, itapasuka.

Chungu cha kahawia ni cha Soufflenheim, na hapo naomba unisikilize vizuri. Udongo wake unachomwa kwa nyuzi kama 1000 tu, ndiyo maana unastahimili oveni. Lakini glezi za zamani za vyombo hivi kwa kawaida zilikuwa na risasi, na ndimu, siki, ukwaju na nyanya huivuta risasi ikaingia kwenye chakula. Sheria ya Ulaya iliyoweka kikomo ni ya 1984: miligramu 1.5 kwa lita kwa vyombo vya kupikia. Chombo cha gulioni usichojua umri wake usikipikie, na usikitie saladi yenye ndimu. Kiwekee maua, au mikate juu ya kitambaa. Kalibu za zamani nazo hukumu yake ni hiyohiyo.

BiMkubwa_Maskati

Mwanangu, hongera kwa kuwapokea wazee. Mfinyanzi kasema la risasi, mimi naongeza jingine. Hiyo baeckeoffe nimeila kwa jirani aliyenipikia ya kondoo mtupu, lakini ya asili ni nyama tatu, ng'ombe, kondoo na nguruwe, zilizolazwa usiku kucha kwenye mvinyo mweupe. Chungu cha bibi wa watu kimepikiwa hivyo miaka mingapi? Udongo unakunywa. Wapo watakaokwambia kuosha kunatosha, sitabishana nao, lakini shangazi zako wakishajua, tonge halitawapita kooni. Nunua kipya.

Binti_Mtangata

Bi Mkubwa, shikamoo, na ahsante sana. Nimesoma ujumbe wako nikaenda moja kwa moja jikoni kukigeuza. Chini, pale pasipo na glezi, pana doa jeusi la mafuta pana kama kiganja changu. Nikakinusa. Mwaka mzima kipo kwangu na bado kinanuka mafuta. Nimekitoa mezani.

MpishiWaPangani

Usihuzunike dada, hapa ndipo utamu unapoanza. Unajua kifuniko cha baeckeoffe wanakizibaje? Wanasokota unga wa ngano uliokandwa kwa maji, wanauzungushia ukingoni, mvuke usitoke. Wanawake walikuwa wanakipeleka chungu kwa muoka mikate siku ya kufua, kikaiva taratibu kwenye joto lililobaki. Sasa niambie, biriani ya dum, ile inayoivia kwenye mvuke wake, inazibwaje? Ndivyo hivyo hivyo!

Nunua viwili vipya, kimoja hakitoshi watu 14. Kwa mchele kilo 2, rosti ya nyama iive kabisa kwanza, wali uchemshe nusu, panga tabaka, mwagia zafarani na samli, ziba kwa unga. Oveni iwe baridi unapoingiza, kisha nyuzi 160, saa moja au zaidi kidogo kwa sababu udongo mnene unachelewa kupata moto. Ukitoa, weka juu ya ubao au taulo lililokunjwa, si juu ya marumaru baridi. Halafu usipakulie jikoni. Kilete mezani kimezibwa, mama mkwe wako akivunje kile kipande cha unga mwenyewe kwa kisu. Chumba kizima kitanukia, na yeye na mama yako wote wawili watakuwa wanatazama kitu wanachokijua.

Kalibu mpya ya kougelhopf nayo jaribu kuitilia mkate wa kumimina. Lile bomba la katikati linapeleka moto ndani, kati haibaki mbichi. Ipake samli kila mkunjo, usiache hata mmoja.

Zidaka_Lamu

Mimi nazungumzia macho. Bibi yangu alikuwa na bakuli lenye muhuri wa Maastricht, Uholanzi, chini yake, na kwetu sahani za China na za Ulaya zilipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, tangu enzi za mababu. Kwa hiyo vyombo vya Kizungu kwenye nyumba ya Mswahili si vigeni. Chukua sahani nyeupe tupu za kulia, zote za namna moja, uache mapambo kwa vyungu na mitungi. Meza ikiwa na maua kila upande haipumui.

Mashuka usiyakate! Kitani kikilowa kinazidi nguvu, kwa hiyo usiogope kukifua kwa nyuzi 60, anika juani madoa yafifie, piga pasi kikiwa bado na unyevunyevu. Juu yake katikati tandika kikoi. Alsace wana kitambaa chao cha kelsch, cha kitani, miraba ya buluu na nyekundu, mama mkwe akiona kikoi cha miraba atauliza. Muwekee mama yako swali hilo alijibu yeye.

BiMkubwa_Maskati

La kukaa: pima sentimita 60 kwa kila mtu, usiwabane wazee. Birika na beseni la kunawia lipite kabla ya chakula, na lianzie kwa mama yako. Mvinyo wa wakwe uwe meza ya pembeni, waambiwe mapema na mumeo, si na wewe. Udi usiwashe wakati wa kula, unapigana na zafarani. Washa wakishanawa, na kahawa na kashata.

Binti_Mtangata

Wadau, nimerudi. Jumamosi nilikwenda Soufflenheim nikanunua vyungu viwili, vya buluu iliyoiva na vidoti vyeupe. Muuzaji alinihakikishia ni vya oveni na glezi haina risasi. Usiku nikampigia mama kwa video, nikavionyesha, nikamwambia ni vya biriani. Akaniambia nisogeze kamera kwenye kifuniko. "Kinabana?" Nikamwambia tutaziba kwa unga. Akacheka, akamwita shangazi aje aone. Sasa anakuja na mrashi wake na kikoi cha mezani, na anataka nimtafutie kimoja arudi nacho kwa ajili ya samaki wa nazi. Mfinyanzi, kitahimili jiko la mkaa?

Mfinyanzi67

Hapana, mkaa utakipasua siku ya kwanza. Mwambie samaki ampike kwenye chungu chake cha Tanga, hiki akitumie kwenye oveni. Kama oveni hana, mchukulie mtungi wa kijivu wa Betschdorf autilie achari ya ndimu.